Mstari wa Thelathini na Moja

Mzee Harjit,

Wakaguzi wametuma majibu yao. Nakuandikia leo leo, kabla habari haijapoa, kwa sababu ikishapoa nitaanza kuitia chumvi, na wewe ulikuwa huvumilii chumvi hata kwenye dengu. Ungenikatiza katikati. "Rehema, usiniletee story, niletee karatasi." Basi karatasi ipo hapa mezani, imegongwa mhuri. Lakini safari hii story utaisikiliza yote, Mzee wangu, maana huna pa kukimbilia.

Kwanza nikuombe radhi kwa siku ile ya kukuaga Perry Barr. Sisi kwetu maiti huzikwa, na kila aliyehudhuria hutupia mchanga kwa mkono wake mwenyewe, ndipo moyo unakubali kwamba mtu ameondoka. Nilisimama pale wanapochomea, nimevaa baibui langu na viatu vya kubana, nasubiri mchanga. Mchanga haukuja. Pazia likafungwa, watu wakageuka, na mikono yangu ikakosa kazi. Nililia kwa sauti mpaka mkeo, Mama Simran, mfiwa mwenyewe, akaacha wageni wake akaja kunishika. Yaani mfiwa ndiye anabembeleza mfanyakazi wa ofisini. Aibu ile nimeimeza lakini haijashuka mpaka leo.

Na palepale ndipo nilipoona jina lake kwa mara ya kwanza, limechapwa kwenye karatasi ya ibada chini ya picha yako: Balbir Kaur. Miaka sita nakula chapati zake, nampigia simu kukuulizia ukichelewa, na sikuwahi kujua anaitwa nani. Kwangu alikuwa Mama Simran, basi. Wala halikuwa jambo la ajabu kwangu. Nakutajia mapema kwa sababu jambo hilohilo ndilo lililotaka kukuchafulia jina.

Wewe kazi yetu unaijua, lakini miezi hii nimeieleza kwa wageni wengi mno, hata naieleza peke yangu nikiosha vyombo. Kwamba baada ya korona serikali kuu ilitoa fedha za kuinua uchumi, na fungu moja likatengwa kwa ajili ya watoto waliokosa masomo. Kwamba fedha zilishushwa kwa idara za elimu za halmashauri, pamoja na kitabu cha masharti kinene kama tofali. Idara zilikuwa na watu wachache, tena wamechoka. Wakakukumbuka wewe uliyestaafu kazi hiyohiyo, ukiwa umeshafungua ofisi yako ya vyumba viwili mtaa wa Hockley, juu ya karakana ya sonara, nyundo zinagonga chini ya miguu yetu kutwa. Tukawa tunakaa na idara kupanga matumizi, tunavifuatilia vitu mpaka vifike kwa mtoto, kisha tunaandika ripoti inayorudi London. Ulinifundisha kwamba mstari wa ripoti usioishia kwa mtoto si mstari wa elimu, na ulikuwa ukiweka kidole juu ya mstari wowote na kuniuliza, "Hapa mtoto ni yupi?" Nisipojua, koti mwilini, basi, nikamtafute.

Watu huniuliza mfagiaji aliingiaje kwenye kazi kama hiyo. Nawaambia ukweli. Nilikuwa nafagia ngazi za jengo lile, ukanisikia nagombana na dada yangu kwenye simu kwa Kiswahili, ukasimama pale na kilemba chako cha bluu, unacheka. Ukaniuliza, "Wewe ni wa wapi na hii maneno yako mingi?" Nikakujibu Morogoro, na kwamba si "hii maneno", ni "maneno haya". Ukasema Kiswahili cha Morogoro kinataka viza, chako cha Kisumu kinaingia popote. Kutoka siku ile ukawa unanipa chai. Halafu ukawa unanipa fomu nikusomee, eti macho yamechoka. Macho yako yalikuwa hayana lolote, Mzee. Mpaka unanikabidhi ufunguo wa ofisi nilikuwa nimeshayasoma mafaili yote bila kujijua.

Sasa nije kwenye zile kompyuta za mtaa wa Shard End.

Unakumbuka shule zilipokuwa zimefungwa, watoto wanasomea nyumbani, na wengine hawana hata simu ya kusomea. Idara ikanunua kompyuta kwa zile fedha, na zile zilizokuwa zinakwenda kwa familia za waongea Kiswahili tukaachiwa sisi tuzipeleke mlango kwa mlango. Maboksi thelathini na moja. Thelathini niliyapeleka mimi. La mwisho ulisema, "Hiyo moja niachie mimi," nami sikuuliza. Nilikuwa na orodha: namba ya mashine, anwani, jina la mpokeaji, saini. Kazi rahisi, ndivyo nilivyodhani.

Lakini kwetu nani anamsimamisha mama mtu mzima mlangoni pake na kumuuliza, wewe unaitwa nani? Unabisha hodi, unaamkia, unauliza mtoto hajambo, mtoto anaitwaje, basi mwenyewe umeshamjua. Nikaandika nilivyolelewa. Mama Neema. Mama Yusuf. Baba Otieno. Bibi yake Salma. Mmoja nilimwandika Mama Mkubwa, kwa sababu ndivyo kila mtu ndani ya nyumba ile alivyokuwa akimwita. Nao wakatia saini zao, zile za mviringo zisizosomeka.

Nikakuletea orodha. Wewe uliyewahi kunirudishia ripoti kwa ajili ya nukta moja uliipitia mstari kwa mstari na hukuona kasoro. Ungeionaje? Kisumu ulikolelewa Baba Otieno ni jina kamili, tena la heshima. Ukatia saini chini, saini ile ndefu yenye mkia, idara wakaiona, wakaamini.

Miaka ikapita. Wewe ukaugua, ukafa. Na kabla hata Simran hajapeleka majivu yako Kisumu kuyamwaga ziwani, barua ikaja: wakaguzi wanapita kwenye fedha zote za wakati ule, na orodha ya Shard End ni mojawapo ya walizochagua.

Mkaguzi wetu aliitwa Helen. Mama mrefu, sauti laini, ule upole unaokufanya ujikague kama umefunga vifungo vyote. Alikaa kwenye kiti chako. Nilitaka kumwambia akae kwingine, nikajizuia. Alikuwa ameiingiza orodha yetu kwenye kompyuta yake, akaipanga kwa majina ya ukoo kama wanavyofanya wao, neno la kwanza akalihesabu kuwa ndilo la ukoo, na kwa hesabu yake watu zaidi ya ishirini walikuwa wa ukoo mmoja: ukoo wa Mama. Akanigeuzia mashine nione. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama watu hawa ni ndugu.

Mzee, nilicheka. Kicheko kilinitoka kabla sijakikamata. Yeye hakucheka. Akanionyesha daftari la shule, mzazi hata mmoja hana jina linalofanana na la kwenye orodha yetu. Saini hazisomeki. Akasema inavyoonekana vifaa vya serikali vimetolewa kwa watu wasiojulikana, na aliyethibitisha kwamba wanajulikana ni wewe. Ndivyo atakavyoandika, na jina lako litakuwemo, kwenye ripoti itakayosomwa na kila idara ya elimu nchini. Alinipa wiki sita nilete uthibitisho.

Kicheko kikafa hapohapo.

Na kuna jingine lazima nikuambie ingawa litakuudhi. Kijana mmoja wa idara, mwenye tai nzuri, simtaji, alinipigia simu jioni ile. Mpole naye. Akasema nisihangaike kugonga milango, kompyuta zenyewe zimeshazeeka, acha ripoti iende ilivyo. Fedha zitarudishwa kidogo, mambo yaishe. Eti Harjit is past minding, marehemu hajali tena. Nikamwambia, "Mimi je? Mimi na-mind." Nikakata simu. Umefanya kazi nchi hii tangu ukiwa na nywele nyeusi, hujawahi kupeleka nyumbani hata kalamu ya ofisi, halafu uandikwe kwamba umegawa mali ya watoto kwa mizimu! Na kosa lenyewe ni mwandiko wangu.

Basi nikavaa koti.

Wiki tano nilishinda Shard End. Milango ileile, ngazi zilezile, lifti ya lile ghorofa bado mbovu. Nilidhani itakuwa kazi ya huzuni. Kumbe Mwenyezi Mungu alikuwa ananionyesha tulichofanya. Neema, yule aliyekuwa anajificha nyuma ya mama yake, sasa mrefu kunishinda, anasoma sayansi, na mabishano ya homework yanasikika mpaka barazani. Mamake akaenda chumbani akarudi na kompyuta imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua, kama redio za kwetu zamani. Kwa Baba Otieno mashine ilikaliwa na mjomba, kioo kikapasuka, lakini hawakuitupa. Wameihifadhi ndani ya foronya. Akasema, "Tungetupaje na tuliweka sign? Ile ni mali ya serikali, sista." Nikapiga picha na foronya yake.

Majina ndiyo yaliyokuwa kazi. Mtu nimemjua miaka, ghafla namwuliza jina lake rasmi, na karatasi mkononi! Walinitazama kama nimeingia na viatu. Yule Mama Mkubwa, wa Unguja, alinikalisha, akaninywesha chai, akanilisha mkate wa ufuta, akaniuliza habari za watu wa kwetu wote, kisha akasema, "Na jina langu walitakia nini, mwanangu?" Nikamweleza. Nikamwambia kuna mzee mmoja Singasinga amefariki na anasingiziwa. Akanimiminia chai tena. Mjukuu wake, mzaliwa wa hapahapa, akadakia, "Nan, just tell her, it's not deep," yaani aniambie tu, si jambo kubwa. Bibi akamkata jicho. Halafu akalitamka jina lake lote, la baba yake, la babu yake na la babu wa babu yake, taratibu, nami naandika. Alipomaliza macho yalikuwa yamemlegea. Akasema tangu mumewe afe hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Mzee, nilikuwa natoka mlango mmoja hadi mwingine nikijiona nimebeba mali. Wengine walikuwa wamehama, mmoja nimemfuata mpaka zile nyumba mpya za Perry Barr, nikampata. Wiki ya tano ilipoisha nilikuwa na majina thelathini, picha thelathini, namba za mashine zote zimelingana. Nikajipongeza kwa samosa mbili.

Ndipo nikafungua ukurasa wa mwisho wa orodha, mstari wa thelathini na moja. Mwandiko haukuwa wangu. Ulikuwa wako, zile herufi zako zilizolala. Umeandika: Mama Simran. Na anwani ni ya kwako.

Wanasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilikaa chini kwenye zulia, Mzee. Nitakuambia ukweli kwa kuwa hukunilea niseme uongo: nilikukasirikia. Nilikushuku. Kwa muda wa kutosha kuchemsha birika niliamini kwamba ulichukua kompyuta ya mtoto wa watu ukaipeleka nyumbani kwako, wewe ambaye Simran wako alikuwa daktari tayari. Nikawaza nilivyozunguka Shard End nzima nikiwaambia watu unasingiziwa. Birika likalia, nikalizima, na chai sikuinywa. Nisamehe. Muda ule ndio pekee niliokuona vibaya tangu nikujue, na nimeujutia.

Kesho yake nikaenda kwa mkeo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka, yakaniishia mlangoni. Nikamwonyesha tu mstari. Akavaa miwani, akasoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

"Hii ni ya Dorcas," akasema.

Akanieleza hapo jikoni, kwa Kiswahili chake kile cha dukani ulichokuwa ukikitania. Kwamba kulikuwa na mama mmoja wa Kongo, msafishaji, mtoto wake, huyo Dorcas, yumo kwenye daftari la shule kama watoto wengine na ana haki yake kama wengine. Lakini karatasi za mama za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na mtu alikuwa amemtisha kwamba akitia saini kitu chochote cha serikali watamfuata. Akakataa kupokea. Wewe ukakaa naye kwenye ngazi za fleti yake zaidi ya saa nzima unamweleza kwamba hakuna wa kumfuata. Mwoga haelezwi akaelewa, akazidi kulia. Basi ukaja nyumbani na boksi, ukamwambia mkeo, "Wewe sign, mtoto atasoma hapa." Na mtoto akawa anakuja kila alasiri, anakaa meza ileile niliyokuwa nimeegemea, anasoma, anakula, anarudi kwao. Mwaka mzima. "Yeye naharibu butter yangu yote," akasema Mama Simran, na machozi yanamtoka.

Nilishika ile meza kwa mikono miwili. Miaka yote niliyokuwa nikipewa mawaidha ya karatasi, mwenye mawaidha alikuwa na mtoto jikoni kwake na hakusema. Ungeniambia tu, Mzee. Ningekutania kidogo, lakini ningejua.

Lakini sasa nifanyeje? Saini ya mkeo kwenye orodha uliyoithibitisha wewe, kompyuta nyumbani kwako: msomee mkaguzi yeyote hayo halafu umwambie hakuna ubaya. Na kumtaja yule mama bila ridhaa yake siwezi, ungeinuka kutoka ziwani uje kunichapa. Nikamwomba Mama Simran amwambie tu habari, asimsukume. Mimi nikaandika kila kitu kilivyokuwa, bila jina lake, nikijua fika kwamba maelezo bila jina ndiyo yaliyotufikisha hapo. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini uchi ule haukuwa wangu wa kuufunua.

Siku ya mwisho Helen alikuja Hockley na kijana wa idara mwenye tai. Majina thelathini aliyapitia moja moja. Aliponiuliza iliwezekanaje mtu akabidhi kifaa cha serikali kwa mtu asiyemjua jina, nikamweleza habari ya karatasi ya ibada kule Perry Barr, na Balbir Kaur, na miaka sita ya chapati. Akaandika kitu. Akasema thelathini ameridhika nazo. Kisha akafika mstari wa mwisho, akasoma maelezo yangu mara mbili, akavua miwani.

Akasema anasikitika. Alikuwa anasikitika kweli, sitamsingizia. Lakini maelezo yasiyo na mtu hawezi kuyapokea, na huu mstari, kwa sababu ulikuwa kwa mwandiko wako na anwani yako, ndio mzito kuliko mingine yote thelathini. Kijana wa tai akanitazama kwa jicho la nilikwambia.

Nyundo za sonara zikagonga kidogo, zikanyamaza. Nikasikia nyayo za watu ngazini.

Aliingia Mama Simran kwanza, na shali yake ya msiba. Nyuma yake mama mmoja mnene, kitenge kipya, kilemba cha kitenge hichohicho, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Nyuma yake msichana wa sekondari amevaa sare. Yule mama hakunisalimia mimi, hakumsalimia yeyote. Alikwenda moja kwa moja mezani akasimama mbele ya Helen.

"Miye ndiye mama ya Dorcas," akasema. "Muandike jina yangu. Yote. Musiache hata moja."

Dorcas akatafsiri. Mama yake akafungua mkoba akatoa kitambulisho chake cha ukaazi, alikuwa amekipata mwaka mmoja kabla, bado amekifunga kwenye nailoni. Helen akamwambia hana haja ya kuogopa. Akajibu kwamba anajua hana haja, lakini mikono haijajua bado. Nikampa kalamu. Akaandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa, moja moja, anatamka kila aliloandika: Mapendo. Riziki. Kashindi.

Helen akamwuliza mbona amekuja, na hakuna aliyemlazimisha. Dorcas akatafsiri swali. Mama yake akafikiri kidogo, kisha akajibu, na Dorcas alishindwa kulitafsiri kwa sababu ya kulia, ikabidi nilitafsiri mimi:

"Ule muzee alisimama mbele yangu wakati miye sikukuwa na jina. Sasa yeye hawezi kusimama. Basi nimesimama."

Kijana wa tai alikuwa anaangalia viatu vyake. Helen aliandika kwa muda mrefu, kisha akainuka akampa Mapendo mkono, akampa Mama Simran, akanipa mimi, na akiwa anakusanya makaratasi yake akaniuliza kama kiti alichokuwa amekalia kilikuwa chako. Nikasema ndiyo. Akasema alidhani hivyo.

Majibu ndiyo haya. Hakuna senti ya kurudishwa. Kila kifaa kilifika kwa mtoto aliyekusudiwa. Kuhusu mstari wa thelathini na moja wameandika kwamba utaratibu haukufuatwa na mtoto alihudumiwa, sentensi moja, nami nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote ya posa. Idara tatu sasa zimeomba fomu mpya niliyoitengeneza, ina nafasi mbili: jina la kwenye hati, na jina unaloitwa na watu wako. Kijana wa tai ndiye aliyeipeleka kwa wenzake. Nimemsamehe nusu.

Rasimu yao ilikuwa imeandika kwamba kosa la majina lilitokea chini ya usimamizi wako. Nikampigia Helen nikamwambia hapana, orodha niliiandika mimi, mwandiko wangu, malezi yangu, na aliyekosea yupo hai na ana anwani. Akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu ripoti haifutiki. Nikamtajia jina langu lote, herufi kwa herufi. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mwisho jina lako lipo mara moja na halina doa. Langu lipo chini yake, na kosa lake. Sijawahi kuona jina langu limekaa mahali pazuri kama pale.

Nakuahidi mambo mawili, na hayo yatanitosha. Jumapili Mama Simran hatakula peke yake maadamu mimi nipo, hata akininunia. Na kazi hii siiachi. Fungu jingine limeshatangazwa, la masomo ya Jumamosi, kitabu cha masharti ni kinene kuliko kile, na ofisi nimeilipia kodi ya mwaka.

Kwaheri, Mzee wangu. Pumzika huko ziwani kwenu. Kesho asubuhi nakwenda Shard End kuandikisha watoto, na Mapendo Riziki Kashindi ameomba nimpitie, twende wote.

Rehema